Kitabu Nyuma ya Mfuko

4 Februari

Mwanangu Daktari,

Kabla ya yote, tunapumua, tunakula, na tunakuombea. Habari zetu za afya ndizo hizo. Sasa nianze yangu.

Najua utashangaa kuona barua wakati Jumapili tu tuliongea kwenye simu. Lakini tuliongea nani na nani? Simu ikilia tu, Chiriku huyo, ameshaichukua, na akishaanza kuzungumza na dada yake mimi nabaki nimesimama pembeni na mkono nimeunyoosha kama anayengoja zamu ya bomba. Nikipewa simu imeshakatika. Kwa hiyo yangu nimeamua kuyaandika. Karatasi hainikatizi.

Jirani yetu fundi cherehani aliniuliza juzi, "Hivi binti yako amekwenda kusomea nini huko miaka miwili mizima, na udaktari alishaupata?" Nikamwambia, figo za watoto. Akasema, "Figo za watoto si figo hizi hizi, ila ndogo?" Nikamwambia, "Na wewe suruali ya mtoto si ya baba yake, ukikunja miguu?" Akaniangalia, akatia uzi kwenye sindano, akaendelea na kazi yake. Nilifurahi siku nzima, Mungu anisamehe.

Sasa mgonjwa wetu, huyo huyo Chiriku. Kile chumba cha nyuma ulichotuchagulia bado nakipiga deki kwa dawa kila asubuhi. Dirisha nalifunga, feni hairuhusiwi, paka haruhusiwi, na shangazi yake mwenye kikohozi naye haruhusiwi, ameninunia mpaka leo. Nanawa mpaka kwenye viwiko, nafunga kitambaa mdomoni, naunganisha mfuko kwenye mrija wa tumbo lake. Ya zamani yanatoka, maji mapya yanaingia, yanakaa humo yakifanya kazi ambayo figo zake zimeigomea. Yote kama ulivyonionyesha.

Na lile la mwisho, ulilosema ndilo kubwa kuliko yote, silisahau. Mfuko wa maji yaliyotoka nauinua mbele ya maandishi. Nikiweza kusoma kupitia kwenye maji, tuko salama. Nikishindwa, ni usaha umeanza ndani, nimbebe mtoto nikimbilie hospitali hata kama sijavaa viatu. Ulisema maandishi yoyote. Basi mimi nimechagua kitabu changu cha sala, ukurasa wa sala ya asubuhi, ile niliyofundishwa na marehemu bibi kabla sijajua kuvaa nguo mwenyewe. Nakisimamisha kitabu mezani, nainua mfuko mbele yake, nasoma kuanzia juu mpaka amina. Kwa hiyo mtoto anapimwa na kuombewa kwa pamoja. Wazo hilo naona sikulitoa kichwani mwangu, nimepewa.

Ulisema ukirudi utashughulikia habari ya kumpandikiza figo, na kwamba la muhimu ni mimi kumfikisha siku hiyo tumbo lake likiwa safi. Nitamfikisha. Chiriku keshaanza kunitazama kiuno, anachagua upande. Nimemwambia nitakupa ya kushoto, ya kulia nailalia.

Soma vizuri, mwanangu. Tangu mdogo wangu alipokuachia mikononi mwangu sijawahi kukuomba kitu kikubwa. Sasa nakuomba hiki: maliza, urudi.

Mama yako mkubwa


25 Februari

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako nimeisomea kwenye ngazi za hospitali, nikacheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuuliza kama niko sawa. Neno lako la suruali nimelipeleka wodini. Sasa tukikadiria dozi, na mtu akataka kuchukua ya mtu mzima aigawe tu, mwenzake humwambia, "Usikunje miguu." Umekuwa mwalimu wetu bila kujua.

Huku ni kazi, Mama. Jana nilikaa na mtoto mchanga ambaye kiganja changu kinamfunika kifua chote. Mirija yake ni myembamba kama utambi. Ukimwongezea maji kijiko kimoja anavimba, ukimpunguzia kijiko kimoja anakauka, na yeye hawezi kukwambia lolote. Profesa wetu ni mama mfupi, tunamwita Mizani, kwa sababu hawezi kumwangalia mtoto bila kukisia kilo zake, na hakosei. Juzi alinikemea mbele ya watu wote kwa sababu niliandika dawa kabla ya kumpima mtoto urefu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kumpima urefu.

Mtihani wa katikati ni mwishoni mwa Machi. Nikianguka narudishwa nyuma mwaka mzima, na nafasi yenyewe wanaweza kumpa mwingine. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Nikilala naota naulizwa jina langu na silijui.

Kuhusu kitabu cha sala, nilipofika hapo machozi yalinitoka. Nilimsimulia Mizani, akavua miwani, akasema mama wa namna hiyo ndiye nusu ya matibabu. Kwa hiyo endelea hivyo hivyo, usibadili kitu.

Mwambie Chiriku upande wa figo atachagua daktari wa upasuaji, siyo yeye, na aache kukukagua kiuno ukiwa unapika.

Mwanao


23 Machi

Mwanangu Daktari,

Barua hii nampa mtu anayesafiri kuja huko, nimemwambia akukabidhi ukishatoka kwenye mtihani, siyo kabla. Kwa hiyo kama unaisoma, mtihani umepita, na mimi naweza kusema kweli.

Jumapili nilikwambia Chiriku amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kitandani ananitazama nikiidanganya simu. Alisema amechoka, hataki kuongea. Chiriku, hataki kuongea! Nilijua nikikwambia hivyo utaingia kwenye mtihani na tumbo la mtu mwingine kichwani mwako. Nikaona bora dhambi niibebe mimi.

Usishtuke lakini. Ni uchovu tu, na tumbo linamkata kidogo kidogo. Nadhani ni uji aliokula kwa pupa. Maji hayana tatizo. Hilo nakuhakikishia, maana najua ndilo utakalouliza kwanza. Miwani yangu nimeikalia, mguu mmoja nimeufunga kwa uzi na inanikaa upande upande, lakini hata bila miwani naisoma sala yangu kupitia kwenye ule mfuko neno kwa neno, silikosi hata moja.

Yeye mwenyewe ndiye mbishi. Jumanne aliniambia, "Mama, maji ya leo yametiwa maziwa." Nikamwambia, "Maziwa umeyanywa wapi wewe uliyekatazwa?" Akasema, "Siyo mimi, ni maji." Nikamwambia, "Nimesoma mpaka amina, mtoto usibishane na kitabu." Akageukia ukutani.

Lakini utundu haujamwisha, na hili nakuandikia ucheke. Alhamisi nilipogeuka kuchukua kitambaa, akakigeuza kitabu kichwa chini miguu juu. Mimi sina habari, nikainua mfuko, nikasoma yote, mpaka amina. Nasikia kicheko. Amejishika tumbo, machozi yanamtoka, "Mama umesoma miguu juu! Mama umesoma miguu juu!" Nikamgombeza, kitabu cha Mungu si cha kuchezea. Halafu nikaenda jikoni nikacheka peke yangu. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo kumsikia akicheka.

Leo ana joto kidogo. Namwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Fundi cherehani amemshonea mfuko mdogo wa kitambaa wa kufichia mrija wake, wenye kifungo chekundu. Ameupenda, hakubali kuuvua.

Niandikie umefaulu.

Mama yako mkubwa


6 Aprili

Sista,

Nilipokupigia jana nilikuwa napiga kelele. Nisamehe. Ulikuwa wewe peke yako zamu, na hukunijibu vibaya.

Nashukuru kwamba ulikwenda mwenyewe na gari la hospitali kumchukua mtoto nyumbani, hukungoja waje. Ulichoniambia kuhusu tumbo kuwa gumu, na maji kuwa mazito kama ya kuoshea mchele, kimetosha. Usaha huo haukuanza jana wala juzi. Ulikuwapo nilipokuwa nikijibu maswali ya mtihani, na nimefaulu, naona haya hata kuliandika neno hilo.

Utajiuliza kwa nini mama yangu mkubwa hakuona, mama anayenawa mpaka kwenye viwiko. Nakwambia wewe peke yako. Alikuwa akipima maji kwa kusoma sala anayoijua kwa moyo tangu utotoni. Hakuwa anaisoma, Sista. Alikuwa anaikumbuka. Macho yake yakikutana na ukungu, moyo wake ulijaza maneno, naye akadhani ameyaona. Mtoto alikigeuza kitabu kichwa chini, na bado "alisoma" mpaka mwisho. Ameniandikia hayo ili nicheke.

Mimi ndiye niliyemwambia maandishi yoyote. Na aliponiandikia kwamba ni kitabu cha sala, nikiwa huku, nikijifunza kazi hii hii, nikamjibu asibadili kitu. Nikamsifu.

Nakuomba jambo moja. Usimwambie. Akiuliza, mwambie mrija ulikuwa na ufa. Ukimwambia kweli atapoteza vitu viwili kwa siku moja, na kimoja kati ya hivyo, sala yake, ndicho kilichomshikilia tangu tulipomzika mama yangu. Mimi nitabeba.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Mizani amekubali. Ofisi bado inanizungusha.

Wako katika kazi


24 Aprili

Daktari,

Kwenye simu ya Ijumaa hatukuweza kuongea, na mimi si mtu wa kuongea vizuri kwenye simu. Naandika yale uliyo na haki ya kuyajua.

Dawa tulizitia kwenye maji ya tumboni kama ulivyotuelekeza, tukampa na za mshipa. Mwanzoni alipata nafuu. Alizungumza. Alimuuliza daktari wa zamu kama ana mke, akajibiwa ndiyo, akauliza, "Anakupenda, au anakuvumilia?" Wodi nzima ilicheka, hata wale ambao hawakuwa na sababu. Alimwonyesha kila mtu mfuko wake wa kitambaa wenye kifungo chekundu.

Halafu joto likarudi na maji ya tumboni yakakataa kutoka. Tumbo halikuwa na kazi tena. Mashine ya kusafishia damu tuliyo nayo ni ya watu wazima, na mrija wetu mdogo kabisa ni mkubwa kwa shingo yake. Daktari wa zamu alipomweleza mama yako, mama yako akasema, "Ni suruali ya baba yake." Sikumwelewa, na sikuuliza. Tulijaribu hivyo hivyo. Moyo wake haukuhimili.

Uliyoniomba nimetimiza. Nilimwambia mrija ulikuwa na ufa. Akaniomba auone. Nikasema umeshachomwa pamoja na taka za wodi. Akanitazama, akaniambia, "Asante Sista, Mungu akulipe kwa upole wako." Sikupenda alivyolisema. Sitasema uongo huo tena, Daktari, hata kwa ajili yako.

Pole sana. Rudi na mirija midogo.

Sista wa wodi ya watoto


3 Mei

Mama,

Ruhusa ilitoka siku mliyomzika. Ofisini walinikabidhi karatasi huku wanatabasamu, wakaniambia nisafiri salama. Niliirudisha.

Kila nikianza barua hii naandika "mwambie Chiriku", nakata, naanza upya.

Sista amekueleza habari ya mrija. Ni kweli. Ulikuwa na ufa mdogo ambao jicho la mtu haliwezi kuuona, na mrija ule niliuchagua mimi kabla sijaondoka. Wewe hukukosea popote. Nataka ulisome hilo mara nyingi.

Nimemwandikia Mizani kwamba naacha. Aliniita ofisini kwake, akanipa kiti. Sijawahi kumwona akimpa mtu kiti. Akasema nifikirie mpaka mwisho wa Juni. Sina la kufikiria. Nitarudi nyumbani, nitakaa kwenye zahanati niandike dawa za kikohozi na za minyoo. Sitaki tena kumshika mama yeyote mkono na kumfundisha kuinua mfuko. Niliyemsomea hayupo. Figo za watoto wa watu wengine watazisomea watu wengine.

Naja, tukae pamoja. Hicho ndicho ninachoweza kukupa sasa.

Mwanao


28 Mei

Mwanangu Daktari,

Jumapili simu ililia, nikaipokea mimi. Ndiyo mara ya kwanza tangu uondoke kuishika ikiwa bado inalia. Ukasema haloo, nikasema haloo, tukabaki tunasikilizana tunavyopumua, mpaka ikakatika. Ndiyo maana narudi kwenye karatasi.

Mrija haukuwa na ufa.

Usihangaike kunijibu kwamba ulikuwa nao. Unasahau kwamba ile barua niliiandika mimi. Nilikuandikia kwa mkono wangu kwamba kitabu kilikuwa kichwa chini miguu juu, nami nikasoma mpaka amina. Nilidhani nakuchekesha. Wewe ulipoisoma ukajua palepale, na badala ya kunipigia kelele ukampigia Sista.

Mimi nililijua wodini. Sista aliyatoa maji ya kwanza, akainua mfuko mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani. Tangazo ambalo sikuwahi kulisoma maishani mwangu. Nikatazama, nikaona weupe tu, kama ukungu wa asubuhi mlangoni. Nikamgeukia mtoto, naye alikuwa ananitazama. Alikuwa ameniambia, mwanangu. Alikuwa ameniambia yametiwa maziwa. Nikangoja aseme. Chiriku yule asiyenyamaza akanishika kidole hiki cha shahada, akakilalia.

Basi mliponiletea ufa, wewe na Sista, niliupokea kwa mikono miwili, kwa sababu niliona mmechoka kuubeba. Lakini sasa unaniambia unaacha masomo kwa ajili ya ufa ambao hata haukuwapo. Hapo siwezi kunyamaza.

Usije. Nasema kama mama yako, na huyo mwingine angekuwa hai angesema hivi hivi. Fundi cherehani ameniuliza unarudi lini, nikamwambia akishamaliza, siyo siku moja kabla. Usinifanye mwongo kwa fundi, nitashindwa kumtazama, na nguo zangu zote anashona yeye.

Kosa hili lina wenyewe wawili. Mimi nilisoma nisichokiona, na wewe ulinisifu. Tusigombanie nani achukue kubwa.

Wiki iliyopita nilikwenda kliniki kurudisha mifuko iliyobaki, maana ina watu wanaoihitaji. Kwenye benchi nikamkuta mama mdogo mdogo, mtoto wake ana mrija tumboni kama wa kwetu. Nikamsalimia, tukaongea, mwishowe nikamuuliza, "Wewe ukiinua mfuko unasomea nini?" Akatoa karatasi kwenye kanga, wimbo wa kumbembelezea mtoto, ameuandika mwenyewe kwa kalamu, herufi nzuri kubwa kubwa. Nikamwambia, "Huo mwimbie. Usimpimie." Nikampa gazeti nililofungia sabuni. Akaligeuza geuza, akauliza, "Limeandika nini hili?" Nikamwambia, "Sijui. Wala usilisome mpaka uwe umeinua mfuko. Na kesho tafuta jingine." Akaniona kama nimechanganyikiwa. Lakini alilikunja akalitia kwenye mkoba.

Sikumwambia kwa nini. Wewe utawaambia. Ukimaliza, ukirudi, ukiwashika mikono, useme kama ulivyoniambia mimi, maandishi, lakini uongeze hapo: usiyoyajua. Basi. Na Sista ameniambia habari ya mirija midogo. Hiyo ndiyo uje nayo, usiniletee uso wako mtupu.

Utataka kujua kuhusu sala, maana najua ndiyo uliyokuwa ukiniogopea. Sikuiacha. Ila nikiianza inajisema yenyewe, mdomo unakwenda na mimi sipo. Kwa hiyo sasa kila asubuhi nakaa chumba cha nyuma. Dirisha siku hizi nalifungua, na paka anaingia. Namweka kando, nakishika kitabu kichwa chini miguu juu, kama alivyokiweka yeye, na naisoma herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza, na miwani yangu ya uzi. Macho yananiuma. Sufuria inaungua jikoni. Kuna maneno humo naona kama sijawahi kuyasoma.

Amina bado sijaifikia.

Mama yako mkubwa